Kutembea na Kupiga Picha Pemba kwa Kufuata Maji na Mwezi

Mgeni anayekwenda Pemba na kamera kwa kawaida hupanga safari yake kwa kuangalia siku za likizo na nauli ya boti. Akifika pwani alfajiri akakuta bahari imejaa hadi kwenye mizizi ya miti, au akifika jioni akakuta imerudi nyuma mwendo mrefu na kuacha tope na mawe, hudhani kwamba hana bahati, kumbe alichokosa ni hesabu ndogo ambayo mvuvi yeyote wa kisiwa hicho angemfanyia kichwani kabla hajamaliza kumwitikia salamu. Mwongozo huu unamhusu mwenye kamera ya kawaida au simu nzuri, ambaye ana siku sita au saba za kuzunguka kisiwani, na ambaye yuko tayari kuupanga muda wake kwa maji na mwezi badala ya saa ya ukutani.

Pemba ina urefu wa kilomita zipatazo 67 na upana usiozidi 22 au 23. Ni kisiwa cha vilima, mabonde ya mpunga, mikarafuu na ghuba nyingi zenye mikoko, wala si kisiwa cha ufuo mmoja mrefu wa mchanga kama ulivyo upande wa mashariki wa Unguja. Atakayekwenda kutafuta ufuo tu atarudi na picha chache.

Hatua ya 1: Soma mwezi kabla ya kukata tiketi

Bahari ya huku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika zipatazo 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji yaliyojaa na maji makavu hukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, na miamba mingi haionekani kabisa.

Jambo linalomfaa mpiga picha ni kwamba nyakati hizi hazibadiliki ovyo. Siku za bamvua, Pemba na Unguja, maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hukauka kabisa baina ya saa nne na saa sita mchana. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji huwa yamejaa katikati ya asubuhi na yamepwa alasiri. Kwa hiyo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani, ile inayogawiwa bure madukani, ni jedwali la maji pia. Tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 ni bamvua. Hizo ndizo siku za kutembea miambani na kuwakuta kina mama kwenye mashamba ya mwani. Karibu na tarehe 8 na 23 ni maji mafu. Karibu na tarehe 10 na 25 maji hupwa wakati jua linachomoza na tena wakati linazama, ingawa hayaendi mbali, na mimi nazipenda siku hizo kuliko zote, kwa sababu vidimbwi vilivyobaki mchangani hushika rangi za mbingu saa ile ambayo mbingu ina rangi. Tarehe 14 na 15 mwezi mkubwa huchomoza upande wa mashariki jua linapokaribia kuzama, wakati bado kuna mwanga wa kutosha kuupiga pamoja na fungu la mchanga au ngalawa iliyotia nanga.

Watu huweza kutofautiana siku moja kuhusu kuandama kwa mwezi, basi usitegemee kalenda peke yake. Ukifika, muulize mvuvi wa pwani ile ile unayotaka kuitembelea, au tumia jedwali la maji la bandarini au la kwenye simu. Kalenda hutumika kuchagua wiki, na mvuvi hukupa saa.

Kuhusu jua, hesabu yake ni rahisi zaidi. Pemba iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili, likipishana kwa nusu saa hivi tu. Mwanga mzuri ni mfupi: asubuhi, ifikapo saa mbili kasorobo, vivuli vimeshakuwa vikali, na jioni, jua likishazama, giza huingia ndani ya dakika ishirini na kitu. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, hata mnazi ukawa hauna kivuli ila kwenye shina lake. Usiku wa kuamkia siku ya kazi ulale mapema, maana anayeondoka mji wa Chake Chake saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda pwani ya kaskazini atalikuta jua limeshapanda.

Hatua ya 2: Chagua msimu kwa upepo

Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, hunyesha sana, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Simwambii mtu asiende kabisa, kwa sababu mabonde ya mpunga huwa ya kijani kibichi na mawingu huwa na sura, lakini barabara za udongo zinazokwenda pwani huteleza na boti ndogo hukaa ufuoni. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huja kwa manyunyu na ngurumo za hapa na pale, na haizuii kazi.

Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, huleta ubaridi, anga safi na bahari iliyochafuka upande wa mashariki. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta joto na bahari iliyotulia zaidi, hasa kwa anayetaka kuvuka kwenda kisiwa cha Misali. Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, siku za shwari ambazo bahari hulala kama mafuta, na ukibahatika kuzipata mwezi wa Oktoba au Novemba zikakutana na bamvua, usilale mchana.

Hatua ya 3: Funga mzigo mdogo unaostahimili chumvi

Lenzi mbili zinatosha: moja pana ya mandhari na moja ndefu kiasi cha milimita 300 kwa popo na ndege. Mwenye simu asijione mnyonge, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya Pemba ni ya karibu na ya mwanga mwingi, isipokuwa msituni na usiku. Chukua filta ya kukata mng'ao wa maji, stendi nyepesi ya miguu mitatu, betri mbili za akiba, kadi mbili ndogo badala ya moja kubwa, vitambaa laini vitatu, na mfuko wa plastiki mzito unaofungika mdomo. Huo mfuko ndio kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na ndio utakaokuokoa.

Nilijifunza thamani yake kwa aibu. Usiku mmoja nililala katika chumba chenye kiyoyozi, kamera ikiwa mezani bila kifuniko, nikaamka saa kumi na moja kukimbilia mawio. Nilipoitoa nje, hewa ya joto yenye unyevu ilikutana na kioo cha baridi, na lenzi ikafunikwa na ukungu mzito, nje na ndani ya kitundu cha kuchungulia. Nilipangusa, ukarudi. Nikapangusa tena, ukarudi na alama za vidole juu yake. Jua lilichomoza mbele yangu, jekundu, mashua tatu zikipita chini yake, nami nilikuwa nimesimama na kitambaa mkononi. Tangu siku hiyo kamera hulala ndani ya mfuko uliofungwa, na asubuhi huutoa nje ukiwa bado umefungwa, nikaacha nusu saa ipite ndipo nifungue. Ukungu hutanda juu ya plastiki badala ya kutanda kwenye kioo.

Chumvi ni adui mwingine. Upepo wa pwani hubeba vumbi la maji usiloliona, na baada ya siku mbili vitufe huanza kukwama. Kila jioni lowesha kitambaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukikamue hadi kiwe na unyevu tu, ufute mwili wa kamera na miguu ya stendi, kisha ukaushe kwa kitambaa kikavu. Mchanga ulio juu ya lenzi usiufute kamwe kwa kitambaa kabla ya kuupuliza, kwa sababu mchanga wa matumbawe hukwaruza kioo. Lenzi usibadilishe ufuoni; badilisha ndani ya gari au nyuma ya ukuta.

Hatua ya 4: Jitambulishe kabla ya kutoa kamera

Pemba ni mahali pa adabu za zamani, na mgeni anayeanza kwa kamera kabla ya salamu hufunga mlango wake mwenyewe. Ukifika kijijini ambako unakusudia kushinda, mwone sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, au mwombe mtu akupeleke kwake, umweleze unatoka wapi na unataka kupiga nini. Mazungumzo hayo huchukua dakika kumi, na baada yake hakuna atakayekuuliza tena unafanya nini kichakani na vyuma vyako.

Mavazi yafunike mabega na magoti, kwa wanaume na wanawake, nje ya maeneo ya hoteli. Mwezi wa Ramadhani usile wala usinywe hadharani mchana. Bandari, uwanja wa ndege, vituo vya polisi na kambi za vikosi havipigwi picha. Droni haipandi bila kibali: Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo inayosimamia vyombo hivyo, na taratibu za vibali zimalizwe kabla ya safari, maana ukishafika na kifaa mkononi utakuwa umechelewa. Kwa maoni yangu, kwa safari ya kwanza droni iache nyumbani. Mlio wake huwafukuza ndege na popo, na picha ya mwani iliyopigwa kwa usawa wa maji huwa na uhai kuliko ile ya kutoka juu.

Hatua ya 5: Tembea mwambani wakati maji yanatoka

Shuka pwani saa mbili kabla ya maji kukauka kabisa, uyafuate yanavyorudi nyuma. Kwa njia hiyo una saa mbili za kwenda na bahari ikikupisha, na unaanza kurudi mara tu inapogeuka. Anayeshuka wakati maji yameshakauka hujiona ana nafasi kubwa mbele yake, kumbe ana nusu ya muda, na sehemu nyingi maji hayaji kutoka mbele kama wimbi la ufuoni: huingia kwanza kwenye mikondo ya pembeni na kukuzunguka kwa nyuma, ukashtukia kati yako na nchi kavu pana maji ya kiunoni.

Siku yangu ya kwanza ya bamvua nilikuwa nimeinama juu ya kidimbwi, nikapitwa na bibi mmoja aliyekuwa akichokoa pweza, kanga ameifunga juu ya magoti, fimbo mkononi na kikapu begani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama miguu badala ya kamera.

“Mwanangu, hivyo viatu vya kuswalia ijumaa au vya mwambani?”

Nilikuwa nimevaa makubadhi. Alinionyesha samaki aliyejilaza chini ya jiwe, asiyetofautiana hata kidogo na jiwe lenyewe, ambaye mwiba wake wa mgongoni una sumu kali, kisha akanionyesha wanyama wa miiba mirefu myeusi waliojipanga ufani. “Vaa raba,” akasema, “na ukiona vidimbwi hivi vimeanza kuungana, usingoje picha nyingine.” Hiyo ndiyo alama bora niliyowahi kupewa ya kujua kwamba maji yamegeuka, na mpaka leo naitumia kuliko saa.

Katika vidimbwi utakuta viti vya pweza (wale wanyama wenye umbo la nyota) vyekundu na vya kahawia, jongoo bahari, kaa wadogo na samaki wa rangi wasioweza kutoka mpaka maji yarudi. Wapige walipo. Kiti cha pweza kilichoinuliwa juu ya maji kwa ajili ya picha hudhurika, na anayekirudisha baada ya dakika moja akidhani amefanya hisani hajafanya. Piga magoti upande ambao kivuli chako hakiangukii kidimbwi, weka filta ya kukata mng'ao, uizungushe taratibu huku ukitazama maji, na ghafla uso wa maji utapotea na sakafu itaonekana. Filta hiyo hufanya kazi vizuri ukiyaangalia maji kwa mshazari. Ukiyaangalia wima moja kwa moja, haisaidii kitu. Usikanyage matumbawe hai. Tembea kwenye mchanga na kwenye jabali lililokufa.

Mwanga wa saa tano mchana ambao vitabu vya upigaji picha huukataza una kazi yake huku. Rangi ile ya maji, kijani hafifu hadi buluu, huonekana jua likiwa juu na kuangaza sakafu ya mchanga mweupe. Asubuhi na jioni maji yale yale huwa ya kijivu. Upande wa magharibi wa kisiwa rangi hukatika ghafla na kuwa buluu nzito karibu nyeusi, kwa sababu mkondo wa bahari ulio kati ya Pemba na bara una kina kinachofikia mamia ya mita, na mstari huo wa mkatiko ni picha yenyewe ukiupata kutoka mahali pa juu.

Hatua ya 6: Idanganye kamera inayodanganywa na mchanga

Kamera hudhani kwamba kila kitu duniani kina weupe wa wastani. Ikielekezwa kwenye mchanga wa matumbawe, ambao ni mweupe kama unga, hupunguza mwanga na mchanga ukatoka wa kijivu. Ongeza mwanga kwa hatua moja, wakati mwingine moja na theluthi, kisha tazama grafu ya mwanga kwenye kioo cha nyuma kuhakikisha weupe haujaungua.

Tatizo huwa kubwa zaidi ukimpiga mtu. Mtu mweusi aliyesimama mbele ya mchanga mweupe, amevaa kanzu nyeupe, adhuhuri, hutoka kama kivuli chenye meno. Watu wetu wengi wana picha za namna hiyo na wamezizoea, hata wakadhani kwamba ndivyo walivyo. Suluhisho ni kumwomba asogee chini ya mwembe au kwenye kibaraza, akae pale ambapo kivuli kinaishia, uso wake ukielekea uwanja wenye mwanga. Mchanga ule uliokuwa adui sasa humrudishia mwanga laini usoni kutoka chini. Pima mwanga usoni, si kwenye kanzu, na kwa simu gusa uso kwenye kioo na ushikilie mpaka ujifunge. Kanzu ikiungua kidogo kwenye mikunjo, iache. Uso ndio picha. Hifadhi kwa faili ghafi (RAW) kama kifaa chako kinaruhusu, kwani maelezo ya ngozi yaliyo gizani huweza kufufuliwa baadaye, lakini weupe uliokwisha kuungua haurudi.

Hatua ya 7: Panga siku mbili za rasi ya kaskazini

Rasi ya Kigomasha, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, ni nyembamba, na hilo ndilo linaloifanya kuwa mahali rahisi kuliko pote kwa mpiga picha. Pwani ya Vumawimbi iko upande wa mashariki wa rasi na hupata mawio. Pwani ya Verani na Panga ya Watoro ziko upande wa magharibi na hupata machweo. Kati yake ni kilomita chache tu, na kwenye ncha kuna mnara wa taa wa zamani. Ukilala Makangale au Konde unaweza kuyapata yote kwa pikipiki ya kukodi.

Ili kufika huko unapita katikati ya msitu wa Ngezi, mabaki ya msitu mnene ambao zamani ulifunika sehemu kubwa zaidi ya kisiwa. Lipa kiingilio, chukua kiongozi, na uingie saa moja asubuhi au saa kumi jioni. Mwanga hupungua sana mara tu unapoingia chini ya miti, kwa hiyo panda hadi ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya 1600 au 3200 bila woga, na usipige mandhari nzima, kwa kuwa msitu kwenye picha pana huwa fujo ya majani. Tafuta kitu kimoja: mizizi iliyoshikana na jabali, jani la ukindu lililopigwa na mwale mmoja wa jua, tumbili aliyesita. Kiongozi anaweza kukurudisha usiku kumsikiliza bundi mdogo wa Pemba, asiyepatikana kwingine duniani. Utamsikia bila shida, kumwona ni shughuli nyingine.

Mnyama wa Pemba kuliko wote ni popo mkubwa ambaye naye haishi popote pengine. Mabawa yake yakitandazwa hufikia mita moja na nusu hivi, uso wake ni kama wa mbweha mdogo na manyoya yake yana wekundu wa kutu. Aliwindwa kwa kitoweo hadi, mwishoni mwa miaka ya 1980, ikaonekana kwamba wamebaki wachache tu. Vijiji vikaanza kuwalinda na sasa wapo kwa maelfu. Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, wanakijiji hulinda makazi yao na hutoza kiingilio. Fika saa kumi na nusu jioni. Popo wananing'inia juu ya miti, nyuma yao mbingu nyeupe, na kamera itawageuza madoa meusi usipoongeza mwanga kwa hatua moja na nusu au mbili. Subiri mmoja ajipepee kwa bawa, wakati ambapo mwanga hupenya kwenye ngozi na mifupa ya vidole huonekana kama miti ya mwavuli. Magharibi ikiingia huanza kuruka wenyewe kwenda kutafuta matunda. Weka kasi ya 1/500 ya sekunde na uwafuate kwa lenzi. Usikubali mtu apige makofi ili waruke mchana kwa ajili yako. Wakiruka juani hupoteza nguvu na watoto huanguka, na picha yenyewe huwa ya mnyama aliyeogopa.

Hatua ya 8: Vuka kwenda Misali

Misali ni kisiwa kidogo cha matumbawe magharibi mwa Chake Chake. Wapemba husimulia kwamba Nabii Hidhri alifika hapo, akaomba msala wa kuswalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, ndipo jina lilipotoka. Wavuvi bado huweka dago (kambi ya muda) huko, kwa hiyo si kisiwa kitupu, na sehemu zake huheshimiwa.

Ondoka asubuhi upepo ukiwa mdogo, na kubaliana na nahodha saa ya kurudi kwa kuzingatia maji, kwa sababu yakikauka baadhi ya mahali pa kushukia huwa miamba mitupu. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wenzako hawavai. Kwa picha za chini ya maji, kamera ndogo isiyoingiza maji inatosha kwenye mwamba ulio karibu na ufuo. Sogea karibu na kitu unachokipiga kiasi cha mkono mmoja, maana kila mita ya maji hula wekundu wa picha. Kasa na ng'amba hutaga kwenye mchanga wa kisiwa hiki. Ukimkuta akipanda usiku, zima taa, kaa nyuma yake, na usipige picha kwa mwanga wa kamera. Mwanga huwapotosha, yeye na watoto wake wanaotafuta bahari.

Hatua ya 9: Wapige watu wakiwa kazini, kwa idhini yao

Msimu wa karafuu kando ya barabara hutandikwa majamvi, na karafuu hupita kutoka kijani chenye wekundu hadi kahawia nzito kwa siku kadhaa za jua. Picha yake bora haiko juu ya jamvi. Iko barazani usiku, ambapo familia nzima hukaa duara chini ya taa moja kuchambua karafuu na makonyo, mikono ikienda bila macho kuangalia. Ukialikwa, kaa, chambua nusu saa kwanza, kamera iwe chini. Mwanga wa taa moja kutoka juu ni mkali; sogea upande ambao ukuta uliopakwa chokaa huurudisha.

Soko la samaki la Tumbe hutaka kasi: mnada huenda haraka, simama pembeni, usizibe njia ya wachukuzi. Kwenye mwani, siku za bamvua, kina mama hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizofungwa vigingini, wakiwa wameinama maji yakiwafika magotini. Omba ruhusa kwa maneno: “Shikamoo mama. Naomba nikupige picha ukiwa kazini.” Mpemba hapendi kumkatalia mtu usoni, akikwambia “labda baadaye, inshallah,” fahamu kwamba amekataa, usirudi baadaye. Mtoto apigwe kwa idhini ya mzazi aliye karibu, si kwa peremende.

Hatua ya 10: Tumia usiku mmoja usio na mwezi

Kuanzia tarehe 27 ya mwezi mwandamo hadi tarehe 2, mbingu ya kaskazini mwa Pemba ni nyeusi kweli. Juni katikati ya usiku, na Agosti mapema usiku, sehemu nene ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota, husimama karibu na utosi. Stendi imara, lenzi pana iliyofunguliwa yote, ISO 3200, sekunde 15. Kwa kuwa mwisho wa siku hizo ni bamvua, maji huwa makavu tena baina ya saa nne na saa sita usiku, na ngalawa hulala ubavu kwenye mchanga zikingoja. Mbele ya mbingu ile ngalawa moja inatosha. Nenda na mwenyeji, na umwambie mlinzi wa pwani kabla hajaona taa yako gizani.

Hatua ya 11: Hifadhi, kisha rudisha

Kila usiku nakili picha mahali pawili, na mahali pamoja pasiwe kwenye begi la kamera. Andika jina la kijiji na la mtu siku ile ile, kwa sababu baada ya wiki nyuso hubaki na majina hupotea. Uliyemwahidi picha mpelekee iliyochapishwa. Ya kwenye simu husahaulika, ya karatasi huwekwa ukutani. Chapisha mjini, tia kwenye bahasha ngumu, andika jina na kijiji kwa herufi kubwa, na umkabidhi utingo wa gari linalokwenda huko pamoja na nauli ndogo. Bibi wa pweza nilimpelekea hivyo. Mwaka uliofuata niliikuta kwenye kibaraza chake, imebandikwa kwa gundi ya unga, na yeye akaniuliza kwa nini nilimkata miguu.